Homa ya nguruwe: Ugonjwa usiohitaji kibali kuvuka Busia na Malaba

NGURUWE anayekataa chakula asubuhi, akajikunyata pembeni mwa banda huku ngozi ya masikio na tumbo ikianza kugeuka kuwa nyekundu au ya zambarau, aghalabu huwa amebakiza siku chache tu za kuishi. Katika vijiji vya Kenya vinavyopakana na Uganda, kuanzia Malaba na Amagoro hadi mjini Busia na kuteremka Samia karibu na Ziwa Victoria, wafugaji wanazijua dalili hizo na kuziogopa. Mmoja akifa, wengine hufuata.

Ugonjwa wenyewe ni homa ya nguruwe ya Afrika. Husababishwa na virusi, hauna tiba, na hadi leo hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa aina ya virusi inayozunguka katika eneo hili la mpakani.

Haufai kuchanganywa na yale mafua yaliyoenea duniani mwaka 2009, ambayo vyombo vingi vya habari, vya Kiswahili vikiwemo, viliyaita homa ya nguruwe. Yale yalikuwa mafua ya binadamu ya aina ya H1N1. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa haumpati binadamu, awe amemhudumia nguruwe mgonjwa au amekula nyama yake. Hata hivyo, nyama isiyokaguliwa ina hatari zake nyingine, na katika Kaunti ya Busia minyoo aina ya tegu wanaotokana na nguruwe ni tatizo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa miaka. Lakini kwa homa hii, binadamu si mgonjwa. Yeye ndiye msafirishaji mkuu.

Neno "Afrika" katika jina la ugonjwa halikubandikwa ovyo. Taarifa ya kwanza ya kisayansi kuuhusu ilichapishwa mwaka 1921 na Robert Eustace Montgomery, daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi katika maabara ya Kabete, viungani mwa Nairobi. Montgomery alieleza milipuko iliyokuwa imeanza kuonekana takriban mwaka 1910 katika mashamba ya walowezi. Walowezi hao walikuwa wameleta nguruwe wa Ulaya na kuwafuga katika nchi yenye ngiri na nguruwe mwitu tele. Karibu nguruwe wote walioambukizwa walikufa.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba ni homa ileile ya nguruwe iliyokuwa ikijulikana Ulaya. Montgomery akaonyesha kwamba nguruwe waliokuwa na kinga dhidi ya homa ya Ulaya walikufa kwa hii ya Kenya sawa na wasio na kinga yoyote. Ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, na tayari yeye aliwashuku wanyama wa porini.

Shaka yake ilikuwa ya haki. Ngiri hubeba virusi hivi bila kuugua. Watoto wa ngiri huambukizwa wangali mashimoni kwa kuumwa na kupe laini, wale wanaojificha katika nyufa na udongo na kutoka kwa muda mfupi tu kunyonya damu. Kwa siku chache virusi hujaa katika damu ya mtoto huyo, kupe wengine hunyonya na kuambukizwa, kisha ngiri huishi maisha yake kama kwamba hakuna lililotokea. Mwaka 1969, Walter Plowright na wenzake walitangaza kwamba wamevipata virusi hivyo ndani ya kupe waliotolewa katika mashimo ya wanyama nchini Tanzania. Plowright ni yuleyule aliyetengeneza huko Muguga, Kenya, chanjo ya sotoka ya ng'ombe, ugonjwa ambao ulitangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani. Sotoka ilipata chanjo ikatoweka. Homa ya nguruwe, iliyotambuliwa katika nchi hiyohiyo, bado ingali nasi.

Sababu moja ni maumbile ya virusi vyenyewe. Ni vikubwa na vya namna ya peke yake, na ndivyo virusi pekee vya DNA vinavyojulikana kuenezwa na viumbe wanaofyonza damu kama kupe. Vinashambulia zile chembe za mwili ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Kwa kuwa vimebeba jeni nyingi za kuipotosha kinga ya nguruwe, mbinu ya zamani ya kuviua virusi maabara na kuvidunga kama chanjo haijafanikiwa. Isitoshe, wanasayansi wamevigawa katika zaidi ya aina 20 kwa kufuata vinasaba vyake, na kinga ya aina moja si lazima imkinge nguruwe dhidi ya nyingine.

Aina inayotawala katika milipuko ya nguruwe wa kufugwa nchini Kenya na Uganda ni ya tisa. Hapa jina la Busia limeingia katika kumbukumbu za sayansi kwa njia ambayo si wakazi wengi wanaoifahamu. Virusi vilivyochukuliwa kwa nguruwe wa Busia katika mlipuko wa mwaka 2006 vilihifadhiwa, na mwaka 2015 mpangilio mzima wa vinasaba vyake ukachapishwa. Maabara za nchi mbalimbali huvitaja kwa jina la Ken06.Bus. Herufi tatu za mwisho ni za mji huu wa mpakani.

Kwa nini Busia na Malaba? Jibu haliko kwa ngiri. Sehemu kubwa ya eneo hili ni mashamba madogo ya mahindi, mihogo na mtama yaliyosongamana, wala hakuna mbuga kubwa iliyo karibu. Hapa virusi huhama zaidi kutoka nguruwe mmoja hadi mwingine, na kutoka kipande cha nyama hadi kwa nguruwe, bila kumhitaji mnyama wa porini. Kupe laini wanaweza kuvihifadhi kwa miaka, lakini katika vijiji hivi biashara inatosha.

Ufugaji wa nguruwe magharibi mwa Kenya ni wa watu wenye mtaji mdogo. Familia hununua mtoto mmoja au wawili, mara nyingi kwa jina la mama wa nyumba, na kuwalisha mabaki ya jikoni, majani ya viazi na machicha ya pombe. Wakati wa kupanda, nguruwe hufungwa kamba mtini ili wasiharibu mimea ya jirani. Mavuno yakishaingia ghalani, kamba hulegezwa, nao huzurura kijijini wakijitafutia. Dume mmoja huhudumia majike wa boma nyingi. Fedha hupatikana karo ya muhula inapodaiwa au mgonjwa anapopelekwa hospitalini. Kwa familia ya namna hiyo nguruwe ni akiba, na homa ikipita huifuta akiba hiyo kwa juma moja au mawili.

Upande wa pili wa mpaka kuna nguruwe wengi zaidi. Sensa ya mifugo ya Uganda ya mwaka 2008 ilihesabu nguruwe wapatao milioni 3.2, ilhali ile ya Kenya ya mwaka 2009 iliwahesabu chini ya 340,000 katika nchi nzima. Panapokuwa na tofauti kama hiyo, na bei zikipanda huku na kushuka kule, mnyama hufuata fedha.

Kisheria, nguruwe anayevuka anahitaji kibali cha idara ya mifugo na cheti cha afya. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi Busia mwezi Februari 2018 kimerahisisha ukaguzi wa malori, na Malaba nako maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Lakini mtoto wa nguruwe ndani ya gunia hapiti kituoni. Hupita njia za panya, akibebwa kwa baiskeli au pikipiki. Busia, tukumbuke, inatajwa kuwa ndiko ilikozaliwa biashara ya boda boda, na jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Waiteso, Wasamia na jamaa zao wanaishi pande zote mbili, wanaoana na kuzikana. Kwao mto Malaba na mto Sio ni mahali pa kuvuka, na nyama ya sherehe au ya matanga huvuka pamoja nao bila mtu kufikiri kwamba anafanya magendo.

Ugumu zaidi unatokana na yale ambayo mfugaji hufanya anaposikia kwamba ugonjwa umefika kijiji cha jirani. Huwauza nguruwe wake upesi, kabla hawajafa. Mchuuzi anajua, hivyo bei hushuka hadi nusu au chini ya hapo, naye huwanunua wengi kwa siku moja na kuwapeleka mbali. Baadhi yao tayari wana virusi. Damu humwagika kichinjioni, mbwa huburura matumbo, maji ya kuoshea nyama humwagwa kando ya njia, na mchuuzi huondoka na kamba na viatu vilevile kuelekea boma lingine. Kumlaumu mfugaji ni rahisi kwa mtu anayelipwa mshahara. Mfugaji anayejua kwamba akipiga ripoti atawekewa karantini, na kwamba hana uhakika wa kulipwa chochote, ana sababu ya kunyamaza.

Ukimya huo una gharama ambayo watafiti wameipima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia mambo yanayochangia milipuko katika wilaya nne za mpakani: Busia na Teso upande wa Kenya, Busia na Tororo upande wa Uganda. Mwaka uliofuata ukachapishwa utafiti mwingine kuhusu nguruwe waliochinjwa magharibi mwa Kenya wakati ambapo hakuna mlipuko wowote uliokuwa umeripotiwa, na bado chembe za vinasaba vya virusi zilipatikana miilini mwao. Mwaka 2017, kundi jingine lililochunguza nguruwe wa pande zote mbili za mpaka lilivipata virusi katika nyama na viungo vya nguruwe walioonekana wazima.

Maana yake ni nzito. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba homa hii huua karibu kila inayemgusa, hivyo kijiji kisicho na mizoga ni kijiji kisicho na ugonjwa. Mpakani mambo si hivyo. Wapo nguruwe wanaobaki na virusi bila dalili, na wapo wanaochinjwa kabla dalili hazijatokea. Afisa anayesubiri kuambiwa kuhusu vifo atachelewa daima. Mtu anayemtazama nguruwe sokoni kwa macho tu, hata awe mzoefu wa miaka 30, hawezi kusema kwamba ni salama.

Dalili zinapojitokeza, huwa kali. Baada ya kuambukizwa hupita siku 4 hadi 19 hivi. Joto la mwili hupanda hadi kati ya nyuzi 40 na 42. Nguruwe hulala wakijibanza pamoja, huyumba wakisimamishwa, hutapika au kuharisha, pengine kwa damu, na majike wenye mimba huzitupa. Ngozi ya masikio, tumbo na miguu hugeuka rangi. Daktari wa mifugo akimpasua mzoga hukuta wengu, au bandama, imevimba na kuwa nyeusi, na tezi zimejaa damu. Lakini homa ya nguruwe ya Ulaya huleta dalili zinazofanana sana na hizo, na magonjwa mengine ya bakteria hukaribiana nazo, kwa hiyo uthibitisho ni wa maabara tu. Damu na vipande vya wengu ndivyo hupelekwa. Maabara kuu ya mifugo iko Kabete, palepale alipofanyia kazi Montgomery, na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, imekuwa na maabara yake mjini Busia.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya vijijini kwetu tu. Mwaka 1957 virusi vilifika Lisbon, Ureno, na inaaminika vilipitia makombo ya chakula cha ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege. Vikarudi mwaka 1960, vikaingia Hispania, na ilichukua hadi miaka ya 1990 kuving'oa katika nchi hizo mbili. Cuba ilipigwa mwaka 1971. Mwaka 2007 vilishukia Georgia, karibu na bandari ya Poti, safari hii vikiwa vya aina ya pili kutoka kusini mashariki mwa Afrika, na vikasambaa Urusi na Ulaya Mashariki. Agosti 2018 China ikatangaza kisa chake cha kwanza. China ndiyo inayofuga nguruwe wengi kuliko nchi yoyote duniani, nayo ilipoteza mamilioni kwa mamilioni, bei ya nyama ikapaa. Visa viwili kati ya hivyo, Lisbon na Georgia, vinahusishwa na makombo: sufuria ya mabaki iliyotoka safarini.

Kwa mji kama Malaba, wenye hoteli nyingi za kulisha madereva wa malori ya masafa marefu, jambo hilo halifai kupuuzwa. Ndoo ya makombo ya hotelini ni chakula cha bure kwa nguruwe, nayo inaweza kuwa na kipande cha nyama kilichotoka popote. Virusi hivi hustahimili baridi na kukauka. Huishi kwa miezi katika nyama iliyogandishwa au iliyokaushwa. Kisichostahimilika kwao ni moto. Joto la nyuzi 60 kwa dakika 20 huviua, kwa hiyo makombo yaliyochemshwa vizuri kwa nusu saa, yakikorogwa hadi yachemke hadi chini, huwa salama. Kuni zinagharimu, ni kweli, na Busia hazipatikani bure.

Njia nyingine za kujikinga ni za kawaida, ingawa ni ngumu kwa mwenye shamba la robo ekari. Nguruwe wakae bandani mwaka mzima, si wakati wa kupanda tu. Lakini banda pekee halitoshi. Mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia kinachoingia, na hili halihusu nguruwe peke yao: mwaka 2007 nyangumi muuaji aliyekuwa akifugwa katika bustani ya maonyesho huko San Antonio, Marekani, alikufa kwa virusi vya West Nile, ambavyo huenezwa na mbu. Bwawa la gharama kubwa halikumzuia mbu. Banda la mabanzi halitamzuia mchuuzi mwenye damu kwenye viatu, isipokuwa mwenye banda amkataze kuingia. Mnunuzi asubiri nje ya ua na nguruwe aletwe kwake. Beseni la maji yenye dawa ya klorini liwekwe mlangoni na kubadilishwa kila yanapochafuka, maana dawa haifanyi kazi ndani ya tope. Nguruwe mpya atengwe kwa muda wa wiki tatu au zaidi kabla ya kuchanganywa. Na dume wa kukopeshana kijiji kizima, hata awe mzuri namna gani, ni mgeni anayeingia katika kila boma.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa anaposhuku ugonjwa kama huu, na inampa daktari wa mifugo mamlaka ya kutangaza karantini na kuzuia usafirishaji. Mizoga huzikwa kwa kina au kuchomwa. Tatizo ni kwamba karantini ya upande mmoja wa mji uliokatwa na mpaka ni kama kufunga mlango wa nyumba isiyo na ukuta wa nyuma. Nyama ikipigwa marufuku Busia ya Kenya, Busia ya Uganda iko umbali wa kutembea. Hatua zinazochukuliwa siku tofauti na serikali mbili huwapa wachuuzi nafasi ya kuchagua upande wa kufanyia biashara.

Kuhusu chanjo, kuna habari nusu njema. Vietnam iliruhusu chanjo yake ya kwanza mwaka 2022, iliyotengenezwa kwa virusi vilivyo hai ambavyo vimepunguzwa makali kwa kuondolewa jeni. Hata hivyo, chanjo hiyo ni ya aina ya pili, ile iliyoenea Ulaya na Asia. Kwa aina ya tisa ya Busia bado watafiti, wakiwemo wa ILRI jijini Nairobi, wanaendelea na kazi ya kupunguza makali ya virusi vya hapahapa kwa njia inayofanana na hiyo.

Mfugaji aliyepoteza nguruwe wake wote hukabiliwa na swali la lini anunue wengine. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ni kwamba banda lisafishwe, lipigwe dawa na kubaki tupu kwa siku 40. Kisha waingizwe wachache tu, mmoja kwa kila kumi waliokusudiwa, na kutazamwa kwa wiki sita nyingine. Hiyo ni karibu miezi mitatu bila akiba, na muhula wa shule hauzidi miezi hiyo.